Kodi ya Madungu

Nyumba namba mia moja na arobaini na tatu ilikuwa mashimo manne.

Karani Yahya alisimama katikati ya mashimo hayo, daftari kalikunjua juu ya kiganja cha mkono wa kushoto, viatu vyake vyeusi vimegeuka kijivu kwa vumbi la mabua. Alitazama shimo la kwanza, la pili, la tatu. Katika la nne mjusi alikuwa amejipumzikia. Kisha akatazama daftari tena, kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta hata jiko halijawashwa.

"Mwenye nyumba?" aliuliza.

"Ni mimi," alijibu Bi Kazija, mjane wa makamo ya uzee, mikono kaifumbata kifuani. "Karibu ndani, mwanangu. Inama kidogo, usijigonge kwenye mlango."

Tarishi aliyefuatana na karani aliangua kicheko, kisha akakumbuka yuko kazini, akakimeza. Jumbe Maftaha, aliyekuwa amesimama hatua tatu nyuma yao, hakucheka. Alikuwa akilitazama lile shimo la mjusi.

"Nyumba iko wapi, bibi?"

"Nguzo mbili nimepikia uji. Mbili nimechemshia maji ya kumwogeshea mjukuu wangu. Paa wamekula mbuzi. Unataka na majivu nikuletee?"

"Mimi sina mzaha nawe."

"Wala mimi sina nawe. Huu ni mwezi wa saba, mtama umo ghalani. Dungu la nini tena? Nikae juu nimwamie nani, wewe?"

Yahya alipiga ukurasa kwa kalamu. "Humu hamna dungu. Humu mmeandikwa nyumba. Na kubomoa nyumba iliyokwisha kuhesabiwa ili mtu akwepe kodi ni kosa. Unadaiwa shilingi sita za nyumba hii, mbali na sita za nyumba yako ya kijijini. Usipolipa, mwanao Bakari ataifidia kwa kazi ya barabara, miezi miwili."

Bi Kazija aligeuka taratibu, akamkabili mtu aliyesimama nyuma.

"Jumbe, umesikia? Mwambie basi. Si wewe uliyeniambia nipange nyungu?"

Watu wa shamba la pili walikuwa wamekwisha kusogea kusikiliza. Maftaha alihisi macho yao yakimparaza usoni. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni maneno ya mtu mwingine kabisa, mtu mtiifu aliyevaa koti la Serikali lenye vifungo vya shaba:

"Tuendelee na nyingine, karani."

Wakaendelea. Mpaka adhuhuri walikuwa wamehesabu mashimo mia mbili arobaini na manane.

*

Kwa mtu wa Mtondoo dungu si nyumba, kama vile mwavuli si nyumba. Ni ulingo wa fito ulioinuliwa juu ya nguzo nne, ukaezekwa kwa nyasi, ukawekewa ngazi. Mtama unapoanza kubeba, mwenye shamba huhamia huko na mkewe: mchana kuamia ndege na kufukuza ngedere, na jua likizama kukoka moto chini ili nguruwe wajue pana mtu. Mavuno yakiingia ghalani kazi ya dungu imekwisha, na nguzo zake huwa kuni. Mwaka unaofuata hujengwa jingine. Ndivyo walivyofanya babu zao na babu za babu zao, na hakuna Sultani, Mdachi wala Mwingereza aliyewahi kuuliza mlango wa dungu uko wapi.

Lakini mwaka uliotangulia Siti alikuwa amefia njiani.

Alikuwa binti pekee wa Jumbe Maftaha, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika siku mbili, wakunga wakatazamana, na wanaume wanne wakambeba kwa machela kumpeleka pwani, mwendo wa siku nzima na nusu kwa miguu. Hawakufika hata Kikole. Maftaha alirudi nyumbani akitangulia mbele ya machela, kwa sababu hakuweza kutembea nyuma yake.

Haukupita mwezi, Liwali akawaita majumbe wote. Hazina ya Wenyeji, alisema, si ya Mzungu. Ni fedha yenu wenyewe, fungu la kodi linalobaki Serikali ikishachukua lake. Kwa fedha hiyo tunalipa mahakimu, tunafyeka njia, na sasa tutajenga zahanati. Kila kijiji kitakachofikisha nyumba mia mbili katika hesabu mpya kitapata yake, na mganga wa kuzalisha, na dawa ndani ya kabati la kioo. Majumbe wengine walipiga makofi. Maftaha hakupiga. Alikuwa akizihesabu nyumba zake moyoni.

Mtondoo ilikuwa na nyumba mia moja na arobaini na moja.

Wazo lilimjia shambani, mvua za mwezi wa pili zikinyesha, alipokuwa akimtazama mkewe akiteremka ngazi ya dungu na chungu mkononi. Paa lipo. Moto upo. Kitanda kipo. Aliwakusanya watu akawaeleza, na watu wakacheka mpaka wazee wakashika mbavu. Walijua vyema kwamba kila nyumba hulipiwa. Lakini walijua pia kwamba mwezi wa kodi ukifika madungu yatakuwa majivu, na ni nani aliyewahi kumdai mtu kodi ya majivu?

Siku ya kuhesabiwa, Mtondoo yote ilihamia mashambani. Wanawake walipeleka nyungu, mikeka na mawe ya kusagia. Kuku walifungwa miguu kwenye nguzo ili wasitoroke nyumbani kwao kupya. Bwana mmoja asiye na mtoto aliazima mtoto wa jirani, na mtoto yule akafanya kazi yake sawasawa, akalia tangu karani alipotokea hadi alipotoweka. Bi Kazija alifagia chini ya dungu lake, akamwagia maji vumbi lisipae, akamkaribisha Yahya kwa shikamoo yake na marahaba yake kana kwamba amezaliwa mahali pale. Karani alikula kuku wawili siku hiyo. Aliandika nyumba mia mbili na tatu, akampa Jumbe mkono.

"Kumbe Mtondoo ni mji!" alisema.

Walicheka wiki nzima. Na mwisho wa mwezi, Jumbe Maftaha alipokwenda kupokea mshahara wake, alikuta umepanda kutoka shilingi nane hadi kumi na mbili, kwa kuwa mshahara wa jumbe hupimwa kwa wingi wa nyumba zake. Aliupokea akidhani ni salamu njema. Zahanati inanukia, alijiambia, na njiani akanunua sukari.

*

Siku ile ya mashimo alirejea nyumbani jua bado kali. Mboni, mkewe, alikuwa barazani akipepeta mtama. Hakuinua macho.

"Baba Siti. Watu wanasema nini?"

"Wanasema tulipie nyumba sitini na mbili zaidi. Asiyeweza, barabarani."

"Miezi miwili?"

"Miwili."

"Huu wakati wa kufyeka. Mwanamume akivunja mawe miezi miwili, nani atamfyekea shamba? Mwakani tutakula hizo kokoto?" Ungo ukapanda, ukashuka. "Na zahanati?"

Maftaha alikaa kwenye ukingo wa baraza, akavua kofia. "Nimemuuliza karani. Anasema mwakani, Mungu akipenda. Fedha ya mwaka huu imemalizia jengo la Baraza huko pwani. Limetiwa sakafu ya saruji, limeezekwa bati."

Ungo ulisimama.

"Basi mwanangu ndiye aliyewaezekea bati," alisema Mboni.

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Ulikwenda kwao na kifo chake mkononi, wakakipokea, wakajijengea baraza. Nisemeje, Baba Siti? Nifundishe."

"Mimi nilitaka—"

"Najua ulichotaka. Hata mimi nilikitaka. Nyungu ya kwanza kupanda dunguni ilikuwa yangu." Sauti yake ilishuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kama ingepanda. "Lakini zile nne za kila mwezi tumezila. Mimi mwenyewe nimekunywa ile chai ya sukari. Leo nikipita kisimani wenzangu wananipisha, hawasemi kitu. Wananipisha tu."

Kutoka nyumba ya pili ilisikika michi ikitwanga, na juu ya michi sauti ya Bi Kazija ikianzisha, na wanawake wengine wakiitikia:

*Twanga, mama, twanga pumba, mchele umeshakwenda,*
*Nyumba ya nguruwe nayo, Liwali ameipenda;*
*Jumbe wetu kalambishwa, ulimi umemganda.*

Maftaha aliinuka. Damu ilimpanda kichwani. Alikuwa jumbe wa miaka kumi na minne. Wanawake hawakuwahi kumtwangia kwenye kinu. Alipiga hatua mbili kuelekea uani kwa jirani, kisha akasimama. Mboni alikuwa amekwisha kurudia kupepeta.

"Nenda ukawakataze," alisema. "Ila ukifika, uwaambie na neno lipi si kweli."

Hakwenda. Aliingia ndani, akakaa juu ya kitanda, ulimi umemganda.

*

Kesho yake alishika njia ya pwani, akafika siku ya pili asubuhi. Jengo jipya la Baraza lilinuka chokaa mbichi. Maftaha alivua viatu mlangoni, na sakafu ikampokea nyayo kwa ubaridi laini ambao hajapata kuukanyaga maishani mwake. Alitembea juu yake kwa uangalifu, kama mtu anayepita juu ya kaburi asilojua ni la nani.

Liwali alimkaribisha kwa heshima zote. Alikuwa mtu mnene wa maneno mazuri, aliyejua kukuuliza hali ya mbuzi wako mmoja mmoja.

"Maftaha! Mbona umekonda? Mleteeni kahawa. Haya, watu wako hawajambo?"

"Hawajambo, Bwana Liwali, ila wana kilio. Zile nyumba sitini na mbili si nyumba. Ni madungu. Tulikosea."

"Mlikosea?"

"Tulidanganya."

Liwali alipuliza kahawa yake, akanywa funda moja, akakitua kikombe bila mlio.

"Kwani wewe unafikiri sijui? Mimi nimezaliwa pwani hii hii. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba la mpunga. Nimelala dunguni kabla wewe hujaota ndevu. Karani aliniletea daftari, akaniambia, bwana, hizi nyingine zina ngazi. Nikamuuliza, wenyewe wanasemaje? Wanasema nyumba. Basi andika nyumba."

Juu yao bati lilijinyoosha kwa joto la jua, likalia.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Na tazama ni nani aliyedhurika. Mzungu wetu, Bwana Shauri, ameona hesabu imepanda, amefurahi. Hazina imepata nguvu. Wewe mwenyewe mshahara umeongezeka, au nakusingizia?"

"Na zahanati?"

"Itakuja! Baraza lisilo na paa litawaezekea wengine paa? Kila kitu na zamu yake." Liwali alimwinamia, sauti yake ikawa ya mjomba. "Sasa nisikilize mimi mkubwa wako. Bwana Shauri anakuja Mtondoo mwenyewe Jumatatu ya kodi. Ukisimama mbele yake ukasema ulidanganya, ujumbe wako umekwenda, na pengine jela juu yake. Ukinyamaza, ni kodi tu. Watu watanung'unika, watauza kuku, watalipa. Kodi haijaua mtu, Maftaha."

Maftaha aliaga vizuri, akavaa viatu vyake, akatoka.

Njia nzima maneno yale yalimchoma. Kodi haijaua mtu. Na ni kweli, hapana anayekufa kwa kodi. Mtu hufa kwa kile ambacho kodi ilitolewa kikanunuliwe, kisinunuliwe. Huanguka katikati ya njia iliyofyekwa kwa shilingi zake. Hufa akiwa na stakabadhi nyumbani, imeviringwa vizuri ndani ya kopo. Miezi mitano Maftaha aliubeba uongo wake kama aibu, akiuficha hata kwenye sala. Alidhani yeye ndiye mwerevu aliyeichezea Serikali. Kumbe waliona mapema, wakanyamaza, wakamwacha aimbe. Walihitaji uongo ule kuliko yeye alivyouhitaji. Yeye aliutaka umnunulie kitanda cha mwanamke kuzalia. Wao umewanunulia sakafu. Wakamvika kilemba cha ukoka, na shilingi nne juu, akaenda zake akiinua shingo!

Kabla ya kufika Kikole aibu yote ilikuwa imekwisha kuungua. Kilichobaki kilikuwa hasira safi, ngumu, isiyo na moshi.

*

Jumatatu ya kodi, Bwana Shauri aliwasili na hema, meza, sanduku la chuma na askari wawili. Alikuwa kijana mwenye shingo nyekundu na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Liwali aliketi kuumeni kwake, Yahya kushotoni, na mbele yao watu walipanga mstari tangu kibanda cha baraza la kijiji hadi kisimani, wanaume na wajane, fedha wamezifunga kwenye pindo za nguo. Wengi walikuwa na shilingi sita. Wachache walikuwa na kumi na mbili, na hao mtu aliwajua kwa kuwatazama tu: walikuwa wameuza kitu.

Desturi ni kwamba kabla ya mtu wa kwanza kuitwa, jumbe husimama akatangaza hesabu ya kijiji. Maftaha alisimama. Alimwona Mboni upande wa wanawake. Alimwona Bi Kazija mbele kabisa ya mstari, kidevu kimeinuka, akingoja asikie.

"Nyumba za Mtondoo," alisema, "ni mia moja na arobaini na moja."

Liwali alikohoa. "Jumbe amechoka, Bwana. Alikuwa safarini."

"Sijachoka."

Bwana Shauri aliangalia daftari. "Hapa imeandikwa mia mbili na tatu."

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bwana. Zinazozidi ni madungu ya kulindia mtama nguruwe. Yanajengwa mvua zikinyesha, yanavunjwa tukivuna. Ukitaka kuyaona nitakupeleka, lakini chukua fimbo, usije ukaingia shimoni."

Kicheko kilipita kwenye mstari, kikakatika.

"Nani alisema madungu hayo ni nyumba?"

"Mimi."

"Wewe uliidanganya Serikali?"

"Ndiyo, Bwana. Tuliambiwa kijiji cha nyumba mia mbili kitajengewa zahanati. Mimi nilikuwa nimetoka kuzika mtoto aliyekufa kwa kukosa zahanati. Nikahesabu madungu. Kama kungekuwa na viota vya ndege ningevihesabu navyo."

Bwana Shauri alimgeukia Yahya. "Karani, wewe ulifika mashambani. Uliona nini?"

Yahya alimtazama Liwali, kisha akatazama ncha ya kalamu yake. "Niliona mapaa, Bwana."

"Na kuku wawili!" ilipiga kelele sauti kutoka nyuma. Safari hii kicheko hakikukatika upesi, na askari mmoja alilazimika kugonga kitako cha bunduki chini.

"Bwana, nakuomba neno moja tu," alisema Maftaha. Hakupaza sauti, lakini watu wa kisimani walimsikia. "Ikiwa zile ni nyumba, basi tunazo mia mbili na tatu, na zahanati ni haki yetu. Nionyeshe iliposimama, nami nitauza hata mlango wangu nilipe. Ikiwa si nyumba, mnatudai kodi ya nini? Dungu likitakiwa kutoa ni nyumba. Likitakiwa kupewa ni fito na nyasi. Tuchagulie moja, Bwana. Moja tu, sisi tutaikubali. Na huyu aliyekaa kando yako alijua. Alijua tangu siku daftari lilipomfikia, aliniambia kwa kinywa chake juu ya sakafu ya saruji tuliyoinunua sisi."

Liwali aliinuka, joho likamwanguka bega moja. "Mwongo huyu! Amekiri mwenyewe mbele yako kwamba ni mwongo, Bwana. Leo umwamini?"

Hapo ndipo Maftaha alipoiona bei kamili ya werevu wake. Alipodanganya, aliaminiwa. Sasa anasema kweli, na uongo wake wa zamani umesimama mbele yake umemziba mdomo. Alitazama uso wa Bwana Shauri akaona kwamba kijana yule hakujua amwamini nani, na kwamba mtu asiyejua amwamini nani humwamini aliyekaa kwenye kiti.

Bwana Shauri aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma alichoandika. Kodi ya nyumba sitini na mbili itasimamishwa, haitafutwa, mpaka atakapopata jibu la barua yake kutoka Dar es Salaam. Nyumba mia moja na arobaini na moja zitalipiwa leo. Habari ya zahanati haipo, kwa kuwa hesabu haikutimia. Na Maftaha, kwa kukiri kwake mwenyewe, si jumbe tena tangu saa ile; Ijumaa afike bomani kujibu shitaka.

Maftaha alifungua vifungo vya shaba kimoja kimoja, akalivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya meza. Ndani yake alikuwa na kanzu ya kawaida iliyoshonwa kiraka begani. Akaenda kusimama mwisho wa mstari, kisimani, kama mtu yeyote mwenye nyumba moja.

"Wa kwanza!" aliita Yahya. "Kazija, mjane."

Bi Kazija alifungua pindo la nguo kwa meno. Alizipanga shilingi sita mezani, akapewa stakabadhi, akaikunja, akaichomeka kiunoni. Kisha akapiga hatua tatu, akageuka, akakaa chini kwenye vumbi, uso kwa meza.

"Nenda zako, bibi," alisema tarishi. "Umekwisha maliza."

"Nimemaliza kutoa," alisema Bi Kazija. "Sijapokea."

Tarishi alimtazama karani. Karani alikuwa ameshaita jina la pili. Wa pili alilipa, akasita na karatasi mkononi, akamtazama yule mwanamke aliyekaa. Akakaa kando yake. Wa tatu akafuata. Hakuna aliyekuwa amepanga jambo hilo wala kulinong'ona. Walilipa mmoja mmoja, barabara, bila kupungukiwa hata senti, na kila aliyelipa aliketi, mpaka mstari ukaanza kufupika upande mmoja na kundi likanenepa upande wa pili. Mwanamke mmoja alimtoa mtoto mgongoni akamnyonyesha. Mzee mmoja aliomba asogezewe kivulini, akajibiwa kivuli kimejaa, akakaa juani.

Mtu wa mwisho alikuwa Maftaha. Yahya alipokea shilingi zake sita bila kumtazama machoni, na akamwandikia stakabadhi kwa herufi nzuri kuliko zote alizoandika siku ile.

Sanduku la chuma lilifungwa. Askari walikunja meza. Watu hawakunyanyuka. Mia moja na zaidi walikaa pale, kimya, karatasi zao mikononi, wakiitazama Serikali ikifungasha.

"Wanangoja nini?" aliuliza Bwana Shauri.

"Hawangoji kitu, Bwana," alisema Liwali upesi. "Ni watu wa shamba. Wanapenda kutazama hema. Jua likizidi wataondoka."

Bwana Shauri hakuonekana kuridhika. Alimwita yule mwenye kanzu ya kiraka. "Maftaha. Watu wako wanangoja nini?"

Maftaha alilitazama kundi lile. Kwa miaka kumi na minne aliulizwa maswali ya namna hiyo, naye kila mara alikuwa na jibu, na kila mara jibu lilikuwa la kumridhisha muulizaji.

"Mimi si jumbe tena, Bwana," alisema. "Waulize wenyewe."

Akawaendea. Hapakuwa na nafasi mbele. Alisimama akitafuta mahali pa kukaa nyuma, na hapo Bi Kazija, bila kugeuza kichwa wala kusema neno, akakusanya upindo wa kaniki yake na kujisogeza kando kidogo.